Kufuli la Jiko na Tambi za Kioo

Aliyelifunga jiko la mama yangu kwa kufuli ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Majina sitaji. Si kwa kumstahi, ni kwa sababu Jang'ombe nzima inamjua, na yeye mwenyewe akisomewa haya atajijua kabla msomaji hajavuta pumzi ya pili. Waliomsaidia ni wanaume watatu: kaka yangu, ami yetu mmoja, na mzee wa msikitini aliyeitwa kuigawa nyumba baada ya mama kufariki. Waligawa kwa haki, siwasingizii. Kaka mafungu mawili, mimi fungu moja, kama sheria inavyosema. Vyumba vya mbele na ukumbi vikawa vyake, chumba cha nyuma kikawa changu. Choo cha wote, ua wa wote. Hata kamba ya kuanikia nguo ilitajwa. Jiko halikutajwa, kwa sababu hapana hata mmoja kati yao aliyewahi kuingia jikoni. Chakula kwao ni kitu kinachotokea mlangoni juu ya sinia.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Maskati nikifanya kazi za ndani, na pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa bibi mwenye nyumba. Huyo naye nimtie kwenye orodha ya walionidhulumu. Habari ya msiba ilipofika alinipa pole, akanipa na mapazia ya kufua. Mama akazikwa bila mimi. Wa tatu ni wakala wa mjini aliyenipeleka na kuniambia nitapumzika kila Ijumaa. Siku hizi anasali safu ya mbele, na akiniona njiani hukumbuka ghafla kuwa kuna kitu amekisahau nyumbani.

Nilirudi baada ya miaka saba, na sanduku moja na goti bovu. Mlango wa jiko ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa umefundikwa kwenye pindo la kanga ya wifi. Nilimuuliza kwa upole, wakati ule nilikuwa bado nina upole. Akasema jiko halichukui wanawake wawili, na isitoshe mimi nshazoea majiko ya umeme ya Waarabu, hili la kwetu litaniudhi. Kaka alikuwa amekaa pale pale. Aliangalia dari kama fundi aliyeitwa kulitia bei.

Basi nikanunua seredani yangu ya mkaa, nikaiweka uani chini ya kipande cha bati, nikaanza kupika tambi za kioo.

Nieleze. Katika ile nyumba ya Maskati watumishi tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mfilipino, mwanamke mfupi wa umri wangu, yeye mpishi na mimi wa kufagia na kufua. Lugha yetu ilikuwa Kiarabu cha jikoni, na Kiarabu hicho wote wawili tulikipata kwa kuamrishwa: haraka, osha, usiguse, wewe mvivu. Hatukuwa na maneno mengine, basi hayo hayo tukayageuza ya kwetu. Akinipa bakuli la chakula alisema "usiguse", maana yake karibu. Mimi nikishiba namwambia "wewe mvivu", maana yake ahsante. Tulicheka mpaka bibi mwenye nyumba akatuona tuna wazimu.

Ijumaa alasiri wenye nyumba walikwenda kwa jamaa zao. Hapo ndipo alipotoa tambi zake. Akiziita sotanghoni. Mbichi ni nyembamba, nyeupe, ngumu, zimefungwa kwa mafungu, na zinatengenezwa kwa choroko. Ukiziroweka zinalainika, na zikiiva zinakuwa safi kama kioo, unaona chini ya bakuli. Alikaanga thomu na vitunguu, akatia kuku aliyechambuliwa, supu, karoti, kabichi, uyoga mkavu mweusi, na rangi ya mbegu nyekundu alizoletewa kutoka kwao ndani ya kimfuko alichokificha kama dhahabu. Aliponionyesha zile mbegu kwa fahari nilizinusa mara mbili. Ilikuwa zingifuri, ile ile ambayo kwetu watoto wanajipaka midomoni na kupigwa makofi.

Tambi alizitia mwisho, na tukizila pale pale, kwa sababu zina tabia moja mbaya: ukichelewa, zinakunywa mchuzi wote. Kwa miaka saba, hicho ndicho chakula pekee nilichokila nimekaa kitako. Mtu akiniuliza kwa nini nimeng'ang'ania tambi za watu wa mbali na mimi nimezaliwa Unguja, jibu langu ni hilo.

Hapa nyumbani nilizipata kwenye duka moja karibu na Darajani, linalouza vitu vya mahoteli. Kuku wapo, kabichi ipo, zingifuri nachuma mwenyewe shambani kwa rafiki. Ndimu zetu zinazishinda zao. Kilichonisumbua ni yale maji ya samaki waliooza ambayo yule Mfilipino akitia badala ya chumvi. Nilijaribu hiki na kile, mwishowe nikatia maji niliyorowekea papa mkavu. Ladha ikaja yenyewe, ikaja na harufu yake. Upepo wa uani kwetu unavuma kuelekea vyumba vya mbele. Sikuuelekeza mimi, lakini sikuuzuia.

Wifi akafunga madirisha, akatoka barazani kunitangaza. Aliwaambia majirani kuwa wifi yake anapika mishipi ya kuvulia, na akimaliza mishipi atapika nyavu. Watu wakacheka, nami ikanifikia kabla sufuria haijatokota. Nikamjibu mbele yao kuwa nyavu nimemuachia yeye, maana ndizo alizomvulia kaka yangu, na nimeona alichokipata, sina haja nazo. Walicheka zaidi. Siku mbili hakuniamkia.

Kaka yangu, huyo aliyevuliwa, alianza kuja uani kuangalia mfereji. Mfereji haukuwa na kitu. Anaufungua, anaufunga, anauliza kama maji yanatoka vizuri, huku macho yako kwenye sufuria. Nampa bakuli, anakula amesimama, amegeukia ukuta kama mtoto anayeiba sukari, kisha anafuta mdomo na kurudi ndani kumwambia mkewe kuwa chakula kile kinanuka. Siku moja alirudi na utambi mmoja umemning'inia ndevuni, wa manjano kwa zingifuri. Mkewe akauliza ni nini. Akasema ni uzi wa kofia. Kofia yake ilikuwa nyeupe.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia masika. Mvua ya mwanzo ilikuja alasiri na bati langu likavuja juu ya seredani. Mara tatu katika wiki ya kwanza nilifuturu kwa tende na maji, mkaa umezimika, hali nasikia mafuta yanachacharika ndani ya jiko la mama yangu. Nikamwendea ami. Akasema hayo ni mambo ya wanawake. Nikamwendea mzee wa msikitini. Akasema jiko halimo katika mgao, basi hawezi kuligawa. Ndipo nikapeleka habari Makunduchi, kwa mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada wa mama, yeye ndiye aliyebaki. Alilima mwani mpaka mgongo ukakataa. Meno yake yameondoka, sauti imebaki. Wote tunamuogopa, na wifi zaidi, kwa sababu mama mkubwa akiongea Kimakunduchi chake wifi, mtoto wa mjini, anashika nusu, na ile nusu nyengine anaijibu "naam" bila kujua amekubali nini. Jibu lililorudi lilikuwa fupi. Atakuja Ijumaa, atafuturu kwetu, kisha atasema jiko ni la nani, na atakachosema ndicho. Kaka alipoambiwa alikubali haraka, kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo na mtu mwengine.

Siku ya Ijumaa tukapika wote wawili, mimi uani na yeye ndani. Nilikuwa na pakiti mbili za tambi. Moja niliiroweka, ya pili niliiacha sandukuni, na sanduku nikaliacha wazi kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka na nilikuwa nakwenda mbio. Kuku alikuwa kuku wa kienyeji, supu imekolea, rangi imekubali. Kama jiko lingetolewa kwa supu, lingekuwa langu.

Wifi naye alipika mihogo ya nazi, akakaanga samaki, akasonga na kitu cha ngano sikukijua. Kilichobaki ni tambi za sukari, na hizo ndizo mama mkubwa anazozitaka tangu zamani; futari isiyo na tambi yeye huihesabu kuwa ni chai. Baada ya alasiri nikamsikia wifi anafungua pakiti yake, halafu anapiga ulimi. Zilikuwa na wadudu. Nje mvua inanyesha, kaka yuko msikitini, duka lililo karibu limefungwa.

Nilikuwa nimeinama kwenye seredani, niliyoisogeza pasipovuja, nikamuona anatoka chumbani kwangu, mkono mmoja uko ndani ya kanga. Sikuwa na haja ya kwenda kutazama.

Niseme kwa nini hakuzitambua. Tambi zangu yeye alizijua zilizoiva tu, za manjano, ndani ya mchuzi. Kavu hakuwahi kuziona. Na kavu, kusema kweli, ni nyeupe na nyembamba, na maandishi ya pakiti hakuna katika nyumba yetu awezaye kuyasoma. Alidhani ni tambi za sukari za Kiarabu, za bei mbaya, ambazo mimi nimemficha.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Kutoka mlango wa chumba changu mpaka mlango wa jiko ni hatua kumi na moja. Alizitembea zote, nami nilimtazama kila hatua.

Ukuta wa jiko una tofali za matundu upande wa uani. Nikaacha sufuria yangu ikitokota, nikaenda nikaweka jicho.

Sisi wote hapa tunajua tambi zinavyopikwa: kwanza unazikaanga kavu katika mafuta mpaka ziwe za hudhurungi, ndipo unatia tui, sukari na hiliki. Hakuna mwanamke wa Unguja atakayeanza vyengine. Wifi akatia mafuta, yakapata moto hasa, akavunja fungu zima la tambi za kioo akalitumbukiza.

Zikavimba. Sina neno jengine. Kabla hajatoa mkono zilikuwa zimejaa sufuria, nyeupe pepe, zimejikunja, zinapanda juu na kumwagika pembeni, na nyengine zikaruka zikaanguka sakafuni zikawa bado zinalia. Wifi akarudi nyuma mpaka ukutani. Akasema "audhubillahi" kwa sauti ndogo, kisha akaanza kusoma. Alipoona kile kitu hakiondoki kwa kusomewa, akachukua mwiko akakibonyeza, kikavunjika krach. Akatazama mlangoni. Hakuna mtu. Nilikuwa nimetia kanga yote mdomoni, machozi yananitoka.

Lakini si mtu wa kukata tamaa, hilo namkubalia. Akaepua, akamwaga mafuta, akavipondaponda vile vitu, akatia tui zito, sukari, hiliki. Akasimama akafikiri. Kisha akaenda kwenye rafu, akatoa kitu kwenye kikopo, akatia. Nikajinyoosha nione ni nini. Hapo ndipo pua ilipoleta habari ya sufuria yangu.

Nilikwisha kusema tambi hizi zina tabia gani. Wakati mimi nimesimama kwenye matundu nikifurahia msiba wa mwenzangu, zilikuwa zimekunywa supu yote, mpaka tone la mwisho, zikaanza kushika chini. Nilipotia upawa ulisimama peke yake. Nikaongeza maji ya moto, zikayanywa na hayo. Adhana ilikuwa inakaribia.

Tulikaa ukumbini, mkeka mmoja, mama mkubwa katikati. Alitia tende mdomoni, akaimumunya, akanywa maji, akasema "haya". Nikamsogezea bakuli langu. Aliposhika kijiko na kuinua, tambi zote zilikuja pamoja, na kuku wake na kabichi yake, kama mtu anayevuta mwani na jiwe lake. Alizigeuza. Alijaribu kuzikata kwa fizi. Alifanya kazi kwa muda mrefu, kwa heshima, kisha akaziweka chini.

"Mwanangu," akasema, "hichi kimenishinda."

Niliona bega la wifi likishuka kwa raha. Mimi nilikuwa nimeshaliona jiko likiondoka. Miaka mingine ya seredani, na masika mengine baada ya haya.

Mama mkubwa akaula mhogo kidogo, akauliza tambi ziko wapi. Wifi alikuwa ameziweka pembeni kabisa, nyuma ya birika, zimefunikwa kawa. Akasema hazikutoka vizuri, bora kesho. Mama mkubwa akasema zije. Zikaja. Zilikuwa zimenywea, laini, nyeupe, zinatelezateleza ndani ya tui, si tambi si uji. Mama mkubwa akachota kijiko. Akachota cha pili. Kaka akaacha kutafuna. Kile kimya wifi alikisoma vibaya, nami nilikisoma vibaya vile vile.

"Nani kapika hizi?" mama mkubwa akauliza.

Wifi akaniangalia, akaona njia, akapita. "Ni tambi za wifi, mama. Katoka nazo Maskati."

Mama mkubwa akanigeukia. "Zako?"

"Zangu, mama mkubwa," nikasema. Na zilikuwa zangu. Sikuulizwa jengine.

Akala kijiko cha tatu na cha nne kabla hajasema. Alisema tangu meno yamuondoke tambi ameziacha, zinamkwama kooni, kila Ramadhani anawaangalia wenziwe wanakula. Hizi zimeteremka zenyewe. Kisha akamgeukia kaka yangu. "Mtu anayepika hivi, mmemuweka mvuani kwa nini?"

Kaka akaangalia vidole vyake. Wifi akafungua mdomo. Nilimuona anatafuta namna ya kusema amepika yeye bila ya kusema alizipata wapi, na nilimsubiri, nikamsubiri kwa hamu kubwa. Mdomo ukafungwa.

"Ufunguo," akasema mama mkubwa, na mkono akaunyoosha.

Fundo la kanga lilikuwa limekazwa muda mrefu, lilichukua dakika nzima kufunguka, na hakuna aliyemsaidia. Mama mkubwa hakunipa mimi. Alimwambia kaka akalitoe na kufuli lenyewe, kwa sababu banda lake la kuku huko Makunduchi halina. Mlango wa jiko ubaki hivyo hivyo, na mimi ndiye mpishi wa nyumba ya dada yake. Kisha akaomba aongezwe tambi, na akasema harudi Makunduchi kesho, atafuturu hapa hapa, na anazitaka hizi tena.

Siku ya pili nikaingia jikoni kwa mama. Mwiko wake ulikuwepo, na mbuzi ya nazi aliyoikalia yeye, kibao kimeingia shimo upande mmoja. Nilikaa juu yake, nikakuna nazi moja bila ya haja ya haraka. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Ile pakiti aliyoichukua wifi ilikuwa na mafungu mawili, moja lilibaki. Nikakaanga. Zikavimba, na mara hii nilikuwa na sufuria kubwa. Nikatia tui, sukari, hiliki. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikatema. Zilikuwa nzuri, na hazikuwa zile. Nikaongeza sukari. Sizo. Hiliki. Sizo. Alasiri inakwenda, na ukumbini nasikia kikohozi cha mama mkubwa, cha mtu anayesubiri.

"Wifi," nikaita.

"Naam."

"Njoo huku jikoni."

"Jikoni kwa nani? Mimi nina jiko?"

Lakini alikuja. Akasimama mlangoni, vidole vya miguu nje ya kizingiti.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini jana alitia nini.

"Nilitia nini mimi?" akasema. "Si wewe uliyepika?"

"Na si wewe uliyeiba?"

Tukatazamana. Aliniambia kuwa nilimuona, nikamuacha atie mafuta ya moto kile kitu, na kingemuunguza uso. Nikamwambia ndiyo, nilimuona. Na yeye alinisikia mvuani siku zote zile. Akasema ndiyo, alinisikia. Hakuna aliyeomba radhi. Ukumbini mama mkubwa akauliza mbona kimya, kuna nini, na wifi akajibu "naam" kwa mazoea.

"Nikikwambia," akasema, "si utanitoa?"

"Ingia," nikamwambia. "Usiguse."

Hakunielewa, akadhani namtukana, lakini aliingia. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akachukua kikopo, akanipa mgongo. Nikaegemea kulia, akaleta kiwiko kulia. Nikaegemea kushoto, kanga ikaja kushoto. Nikasikia kifuniko kinafunguka, kitu kinakwaruzwa, kifuniko kinafungwa. Akakoroga mara tatu, akaonja, akanipitishia mwiko. Zilikuwa zile.

Kikopo alikitia mfukoni mwa gauni. Nikamuuliza ni nini. Akaniuliza tambi zile nazinunua duka gani. Nikamwambia vyombo viko pale, aanze kupakua.